Kizingiti cha Ng'iriama

Kiboko alikuwa amesimama nje ya maji, saa nne asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Aliyewahi kuishi karibu na mto anajua hilo si jambo la kawaida. Saa kama hiyo kiboko huonekana masikio, macho na pua tu. Mwili wote huwa chini, mpaka giza liingie ndipo atoke kwenda malishoni. Huyu alisimama mzima juu ya mchanga, ngozi ya mgongo imepasuka mistari mistari kama jaruba lililosahaulika. Hatua ishirini mbele yake kulikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi wenzake walikuwa wamebanana mgongo kwa mgongo. Maji yaliyoonekana kati yao yalikuwa mazito, ya kijani iliyokolea mpaka ikakaribia weusi.

Dereva wetu, ambaye ndiye pia alikuwa mwongoza watalii, alizima gari.

"Huyo wamemkataa, dada," alisema. "Tangu juzi yuko hapo."

Nikamuuliza kwa nini haendi dimbwi lingine.

Alinyoosha kidole upande wa juu wa mto, kisha akakigeuza upande wa chini. Kote kulikuwa mchanga. Mchanga mweupe, mpana, uliojaa nyayo za tembo, mpaka macho yanapoishia.

Huo ndio Ruaha Mkuu, mwezi Oktoba, ndani ya hifadhi iliyopewa jina lake.

Nimerudi nyumbani Iringa. Nimefanya kazi zangu, nimehudhuria harusi mbili na msiba mmoja. Yule kiboko bado amesimama pale.

## Dimbwi

Tulikaa pale karibu saa nzima, na nilichokiona nataka kukieleza taratibu, maana kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia tu kwamba "mto umekauka" bila kujua kukauka kunafananaje.

Kwanza ni harufu. Si harufu ya mzoga, ingawa mizoga nayo ilikuwepo. Ni harufu ya zizi lililofungiwa ndani ya chumba. Halafu ni mdomo wa kambale. Kila baada ya muda mfupi mdomo mpana wenye sharubu ulichomoza kati ya viboko wawili, ukafunguka, ukazama. Kambale ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi, kwa hiyo maji yakiishiwa pumzi yeye hupanda juu kuichukua. Perege hana bahati hiyo. Perege walikuwa pembeni, wamelala ubavu, na kongoti walikuwa wakitembea kati yao bila haraka, kama watu wanaochagua nyanya sokoni.

Mamba sikumwona mpaka nilipoonyeshwa. Alikuwa kama gogo, kichwa kwenye tope. Mamba anaweza kukaa miezi bila kula, na kwenye mto unaokufa ndiye pekee niliyemwona ametulia.

Kwenye mabega ya yule kiboko kulikuwa na majimaji mekundu. Mwenzangu mmoja alidhani ni damu, kwamba amepigwa. Siyo. Kiboko hutoa kitu kinachofanana na jasho, chekundu, kinachomkinga na jua na vidudu vya vidonda. Lakini kinga hiyo haikuumbwa kwa ajili ya kushinda juani siku tatu. Ngozi yake inataka maji ili isipasuke. Na kumkataa kwenyewe si ukatili. Dume mkubwa humiliki kipande chake cha maji, na dume wadogo wanaoletwa na ukame hufukuzwa. Mto unapotembea, anayefukuzwa huhamia kona nyingine. Mto uliosimama hauna kona nyingine.

## Visima vya tembo

Mbele kidogo, palipokuwa pakavu kabisa, tulimkuta tembo jike na ndama wake wawili.

Alikuwa anachimba. Alianza kwa mguu wa mbele, akaparuza mchanga kama mama anayepekecha majivu jikoni, kisha akaingiza mkonga na kutoa mchanga uliolowa akaurusha pembeni. Shimo lilipofikia kina cha mkonga wake, alisimama.

Akasubiri.

Sijawahi kuona mnyama akisubiri namna ile. Alijua maji yapo chini, yanatembea polepole ndani ya mchanga, na alijua kwamba ya kwanza kuingia shimoni huwa na tope. Aliyavuta, akayamwaga pembeni. Akasubiri tena. Yaliyofuata akayanywa. Dimbwi la viboko halikuwa mbali, lakini hakuligusa. Mchanga ulikuwa umemchujia yake.

Ndama mkubwa alijaribu kuchimba shimo lake na halikufika popote. Ndama mdogo alipiga magoti akaingiza kichwa kwenye shimo la mama. Walipoondoka, nyani walikuwa wameshapanga foleni, na nyuma ya nyani swala pala, na juu ya mti kulikuwa na ndege wa kila aina wakisubiri zamu. Kisima kimoja cha tembo kinanywesha kijiji kizima.

Mwongozaji alituonyesha mibuyu pia. Ruaha ni nchi ya mibuyu, na mingi ya iliyo karibu na mto imechimbwa kiunoni, mingine imetobolewa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Tembo hutoboa mbuyu kwa pembe, akatafuna nyuzi za ndani kwa ajili ya unyevu wake. Ukipita pale kiangazi unaisoma kiu kwenye miti.

Na kiu hiyo inawakuta wengi, kwa sababu Ruaha ni mahali ambapo miombo ya kusini inakutana na migunga ya kaskazini. Tandala mkubwa na tandala mdogo wanaishi humo pamoja. Kuna palahala, kuna mbwa mwitu, kuna hondohondo mwenye mdomo mwekundu ambaye wanasayansi wamempa jina la Ruaha. Vijito vya mchanga vikikauka mwezi Julai, wote hao wanateremkia mto mmoja. Ndiyo maana watalii wanapenda kuja kiangazi. Wanyama hawana pengine pa kwenda.

## Samadi ile ile

Jambo lililonitesa zaidi nililijua baadaye, nikiwa nimesharudi.

Nilidhani viboko walichafua lile dimbwi, na kwamba huo ni uchafu wao tu. Kumbe kiboko ni mchukuzi. Kila usiku hutoka, akala makumi ya kilo za majani, na mchana huyarudisha mtoni kwa njia ya samadi. Mto ukitembea, samadi hiyo inasambazwa. Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaila, wadudu wanakula viumbe hao, samaki wanakula wadudu, fisi maji na furukombe wanakula samaki. Rutuba ya nyasi za nchi kavu inaingia majini migongoni mwa viboko. Kwa mto wa nyika, wenye miti michache ya kudondosha majani, hiyo ni neema kubwa.

Sasa usimamishe mto.

Watafiti waliofanya kazi kwenye Ruaha Mkuu wenyewe walichapisha matokeo yao mwaka 2018. Maji yanapoacha kutembea, samadi ile ile iliyokuwa chakula inarundikana kwenye madimbwi, inaoza, na kuoza kwake kunakula hewa yote iliyomo majini. Samaki wanakufa. Kiboko hajabadilisha kitu. Anakula alivyokula babu yake, anarudi maji yale yale. Mto ndio haupo tena wa kuupokea mzigo wake.

Nililisoma hilo mara tatu. Nilikuwa nimemtazama mnyama anayefanya kazi yake kwa uaminifu, na kazi hiyo inaua.

## Insha

Hapa lazima niseme nilichokiamini.

Mwaka 2006 nilikuwa sekondari. Mgao wa umeme ulikuwa umetuchosha, bwawa la umeme la Mtera lilikuwa likitajwa redioni kila siku, na mwalimu alitupa insha juu ya uharibifu wa vyanzo vya maji. Niliandika kwamba Ruaha unakauka kwa sababu ya ng'ombe wa Ihefu, ardhi oevu ya bonde la Usangu ambako mto hupitia kabla ya kufika hifadhini. Niliandika kwa hasira na kwa ufasaha. Nilipata alama za juu, na insha ikasomwa mbele ya darasa.

Darasani alikuwepo mwenzetu ambaye kwao ni wafugaji wa Usangu. Hakusema kitu. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni, na tulisikia familia yake imehamishwa pamoja na mifugo, kama wengine wengi walioondolewa Usangu miaka hiyo, baadhi yao wakaishia mpaka Lindi.

Ng'ombe walitoka. Mto haukurudi.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kujiuliza. Miaka imepita, Pori la Akiba la Usangu limeunganishwa na hifadhi mwaka 2008, eneo likapita kilomita za mraba 20,000, na bado kila kiangazi mchanga unatokeza. Nilibeba jibu langu la sekondari miaka yote hiyo bila kulifungua nione kama ndani kuna kitu.

## Bakuli lenye mdomo mmoja

Aliyenifungulia ni mzee mmoja, jirani ya wazazi wangu pale Ipogolo, ambaye ujana wake wote aliutumia kusoma vipimo vya maji kwenye mito ya bonde hili. Nilikwenda kumsalimia. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa, na nikamsimulia habari ya kiboko.

Alichukua kijiti akachora kwenye vumbi.

Akachora bakuli pana. "Hii ni Usangu." Akachora mistari inayoteremka upande wa kusini: Mbarali, Kimani, Chimala, na mto wenyewe, yote ikitoka milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mvua ni nyingi. Mwingine, Ndembera, ukaja kutoka mashariki. Mistari yote ikaingia kwenye bakuli. Chini ya bakuli akapiga doa. "Ihefu. Maji yanalala hapa."

Halafu kwenye ukingo akaweka kokoto moja.

"Ng'iriama."

Ni mwamba. Maji ya Ihefu hayana njia nyingine ya kutokea isipokuwa juu ya mwamba huo, kama maji ya beseni yanavyosubiri kufika ukingoni ndipo yamwagike. Kina cha Ihefu kikiwa juu ya kizingiti, Ruaha unatembea kuingia kwenye eneo la viboko. Kina kikishuka chini ya kizingiti hata kwa upana wa kiganja, mto unasimama. Haupungui taratibu mpaka uwe kijito. Unakatika.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema, "huhitaji kuyaiba maji yote. Inatosha kuchukua yale ya juu kidogo."

Kiangazi mito ya milimani inaleta kidogo, na jua la Usangu linakunywa sehemu kubwa ya kinachofika kwenye uwanda ule mpana wa majani. Kinachobaki cha kuvuka kizingiti ni chembamba sana. Ukifungua mifereji juu, chembamba hicho ndicho kinachokatika. Kwa mara ya kwanza kilikatika mwishoni mwa 1993, na tangu hapo karibu kila mwaka, kwa wiki kadhaa au miezi.

Nikamuuliza juu ya ng'ombe. Akacheka kidogo, si kwa kunidharau, akaniambia nitoe simu nipige hesabu. Ng'ombe mmoja tumkadirie lita 40 kwa siku. Mfereji unaopitisha meta moja ya ujazo kwa sekunde unachukua lita 86,400,000 kwa siku. Gawanya.

Zaidi ya ng'ombe milioni mbili. Mfereji mmoja.

Sisemi mifugo haikuwa na madhara. Kundi kubwa linakanyaga ardhi oevu, linamaliza majani, moto unawashwa ili nyasi zichipue. Hayo yapo. Lakini swali la insha yangu lilikuwa maji yamekwenda wapi, na jibu lake lilikuwa mezani kwetu kila Jumapili, limepikwa kwa nazi.

Mchele wa Mbarali.

## Banio

Shangazi yangu, dada wa baba, ameolewa Mbarali, wilaya iliyomo bonde hilo hilo la Usangu, na analima mpunga huko tangu sijazaliwa. Karo zangu za sekondari, pamoja na zile za mwaka wa insha, zilitoka kwenye majaruba yake. Novemba nikapanda basi.

"Kamwene," akanipokea, akanishika mikono yote miwili.

Alfajiri ya siku ya pili alinipeleka kwenye mfereji. Mvua ilikuwa bado. Milima upande wa kusini ilikuwa na mawingu, uwanda ulikuwa vumbi tupu, na katikati ya vumbi hilo mfereji ulikuwa umejaa, unakwenda kwa utulivu, maji safi. Niliuangalia nikaona mchanga wa Ruaha. Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kila kitu, kiboko, perege, kizingiti, na mwisho nikauliza kwa nini banio, lango linaloingiza maji ya mto mferejini, halifungwi kiangazi wakati mpunga umeshavunwa tangu Juni.

Hakujibu papo hapo. Alinionyesha tu kwa macho.

Wasichana wawili walikuwa wanachota maji ya kunywa. Mama mmoja alikuwa anafua. Chini kidogo vijana walikuwa wanafyatua matofali. Kulikuwa na bustani za mchicha na nyanya, na mbuzi wamefungwa kwa kamba ndefu ili wafike majini. Hakukuwa na bomba. Kisima cha kijiji kilikuwa kimeharibika pampu, na kilikuwa mbali.

"Nifunge banio," akasema, "halafu nikachote wapi?"

Halafu akanipeleka kwenye kitalu cha miche. Kilikuwa kijani kibichi, cha kung'aa, kwenye nchi ambayo haijapata hata tone. Akanieleza bila kuficha. Anayesia mapema anavuna mapema, na anayevuna mapema anauza kabla bei haijaanguka. Anayesubiri mvua anauza siku ambayo kila mtu anauza. Kwa hiyo kila mwaka wanasogeza kidogo. Zamani Desemba, kisha Novemba, sasa wengine Oktoba.

Oktoba ile ile ya kiboko.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," shangazi aliniambia, kwa upole, akirudi nyumbani na ndoo kichwani.

Sikuwa na la kumjibu, na sina hata leo. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nitamkuta mtu wa kumlaumu baada ya kumfuta mfugaji. Nilimkuta aliyenisomesha.

Lakini usiku ule, nikiwa nimelala, jambo moja lilinikaa. Watu wa kuchota, wa kufua na wa kufyatua matofali, wote kwa pamoja, hawatumii hata nusu ya kinachopita. Mfereji hauna kipimo. Ukifunguliwa ili wasichana wawili wajaze ndoo, umefunguliwa wote, na kinachobaki kinapita kinakwenda kupotea kwenye majaruba matupu na kukaushwa na jua. Kisima kizima kwa kijiji kingewapa maji safi zaidi na kuuachia mto kinachomwagika bure. Kati ya kiboko na shangazi, adui si mmoja wao. Kuna pampu ambayo haijatengenezwa.

Sisemi pampu itamaliza yote. Vitalu vya Oktoba vitabaki, na bei ya mchele itabaki. Mashamba makubwa nayo yapo, yana mabanio makubwa kuliko ya kijiji, na yana vibali. Wabaluchi wa Rujewa walikuwa kati ya waliotangulia kumwagilia mpunga Usangu, mashamba ya serikali yakafuata, na vijiji vikafuata mashamba. Kila mmoja alipokuja alikuta maji yakipita, na maji yanayopita huonekana kama ya ziada.

## Mstari

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alitangaza kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Nilikuwa mtoto, sikusikia. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kuunusuru mto, kikazinduliwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, ambaye leo ni Rais. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna aliyejua. Imejulikana katika ngazi zote.

Ninachojiuliza ni kuhusu mstari.

Wajerumani walichora wa kwanza mwaka 1910, pori la akiba. Waingereza wakauchora upya mwaka 1946, wakaliita Rungwa. Mwaka 1964 sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 mstari ukasogezwa mpaka ukaimeza Ihefu na kizingiti chake. Kila mara tulipouona mto unaugua tuliongeza eneo, kana kwamba ugonjwa uko ndani ya eneo. Ndani ya mstari huo askari wa wanyamapori wanalala porini, wengine wamekufa wakipambana na majangili, na nawaheshimu. Lakini hakuna askari anayeweza kulinda mto ambao umeshakatwa kabla ya kumfikia. Mbarali, Kimani na Chimala zote zinapita nje.

Ruaha linatokana na neno la Kihehe, luvaha. Maana yake ni mto tu. Bibi yangu alikuwa akilitumia kwa mto wowote, hata ule Ruaha Mdogo tuliokuwa tukiogelea chini ya mji, na sasa nikilisikia jina la hifadhi nasikia Hifadhi ya Taifa ya Mto. Tumeweka uzio wa sheria kuzunguka mchanga, viboko, mibuyu na tembo wachimba visima. Kitu kilichotajwa kwenye jina ndicho pekee kisichokaa ndani ya mstari. Kinakuja kutoka kwa shangazi yangu, na kikishapita hifadhini kinakwenda Mtera, Kidatu, na mwisho Rufiji na bahari.

Kuhusu Mtera pia niliandika makosa kwenye ile insha. Maji yanayolijaza bwawa ni mafuriko ya masika, pamoja na mito mingine kama huo Ruaha Mdogo wetu. Mkondo mwembamba wa Septemba na Oktoba hauwashi taa za mtu. Ni maji ya viboko, ya perege, ya tembo asiyetaka kuchimba. Na labda ndiyo sababu ni rahisi kuyaacha yakatike. Hakuna mji unaoingia gizani.

## Januari

Wiki iliyopita yule mwongozaji alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimemwomba, mto ukija, anijulishe.

Sauti inaanza na upepo. Halafu kuna kitu kama watu wengi wanaotembea juu ya majani makavu, kinakaribia, na yeye anasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini au kanisani: "Dada, unasikia? Nimesimama juu ya pale kijito cha Mwagusi kinapoingilia mtoni. Kwa hiyo haya si ya Mwagusi. Haya yanatoka juu." Maji yanakuja na povu na vijiti, yanasukuma mbele yao majani ya mwaka mzima, yanajaza nyayo za tembo moja baada ya nyingine. Anahesabu nyayo zinazojaa. Anafika kumi na moja, anaacha.

Nilimuuliza kuhusu kiboko wetu. Alijibu kwa maandishi, neno moja: "Hapana."

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Kisha nikauchukua ujumbe wa sauti nikautuma kwa shangazi, bila maelezo, maana maelezo nilishampa Novemba na hayakusaidia yeyote kati yetu.

Alikaa kimya mchana kutwa. Usiku akapiga. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga bati.

"Haya maji uliyonitumia," akasema, "kutoka hapa kwangu mpaka huko kwa viboko, huchukua siku ngapi?"

Nikamwambia sijui, inategemea Ihefu imejaa kiasi gani.

"Basi muulize yule kijana," akasema. "Mimi nitaandika tarehe ya huku."